Nani ameshika ufunguo wa mataa?

Mwanzoni mwa mwaka 2011 jiji la Johannesburg lilijikuta na taa zaidi ya 400 za kuongozea magari zilizoharibiwa, na hazikuwa zimegongwa na gari. Wezi walifungua makabati ya chuma yaliyo pembeni ya makutano, wakachomoa laini za simu zilizowekwa humo ili taa ziwasiliane na ofisi, wakaenda kuzipigia simu. Bili ikamfuata wakala wa barabara wa jiji. Wakala akaanza kuwashuku watu wake wenyewe, maana wezi hawakubahatisha: taa isiyo na laini hawakuigusa.

Ukitaja udukuzi wa mataa, wengi hupata picha ya kijana aliyejifungia chumbani, anabonyeza kitufe kimoja na jiji zima linasimama. Johannesburg haikuhitaji kijana wa namna hiyo. Ilitosha bisibisi, mtu anayejua kabati lipi lina nini, na laini ambazo hakuna aliyekumbuka kuzifungia zisipige simu za kawaida.

Kwa sisi wa Mtwara habari hizi zinaweza kusikika kama za mbali. Mji huu ulichorwa enzi za ule mpango wa karanga wa Waingereza, miaka ya 1940, ukapewa barabara pana za kutosha mji mkubwa ambao haukuja. Kwa miaka mingi upana huo ulitosha na kubaki. Kipilefti, matuta na adabu ya dereva vikamaliza kazi. Lakini itazame njia ya bandarini leo. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, malori yanashuka kutoka Masasi, Newala na Tandahimba. Makaa ya mawe yanakuja kutoka Ruvuma, saruji inatoka Msijute, na katikati ya matairi yote hayo kuna bodaboda na bajaji zinazotafuta upenyo. Lindi nao wana mradi wa gesi wa Likong'o wanaousubiri, ambao ukianza utakuja na malori yake. Siku moja, na sidhani iko mbali, mtu atasimama mbele ya madiwani na kuwaonyesha ukutani picha za mataa yenye akili (picha zenyewe mara nyingi huwa za Singapore). Siku hiyo kuna maswali ya kumuuliza, na hayahitaji shahada ya kompyuta.

Ndani ya kabati

Taa ya kawaida inafuata saa. Upande huu sekunde 40, upande ule sekunde 40, hata kama upande mmoja hauna gari na mwingine foleni imefika msikitini. Taa yenye akili kwanza inaona: kuna nyaya zilizochimbiwa chini ya lami zinazohisi chuma kikisimama juu yake, au kamera, au rada iliyofungwa kwenye nguzo. Kisha kompyuta iliyo pale pale makutano inaamua nani apewe kijani na kwa muda gani. Halafu taa inaongea, na taa jirani, na ofisi ya usimamizi, na siku hizi hata na magari au programu za simu. Pittsburgh, Marekani, walipoujaribu mfumo wa namna hii mwaka 2012 kwenye makutano tisa, muda wa safari ulipungua kwa takriban robo. Faida ipo, sibishi. Ila zile nyaya za chini ya lami mara nyingi hazioni pikipiki, kwa kuwa chuma chake ni kidogo, na sijui nani atamuuzia mkuu wa mkoa mfumo usioona bodaboda halafu auite wenye akili.

Kabati lenyewe ukilifungua halitishi. Kuna kontrola, boksi lenye kioo kidogo na vitufe, na hiyo ndiyo kompyuta inayoamua. Kuna safu ya swichi za umeme zinazowasha kila rangi. Kuna modemu yenye laini ya simu, au redio inayorusha taarifa mpaka nguzo ya makutano yanayofuata. Chini kuna betri za kushikilia umeme unapokatika. Halafu kuna mlango. Marekani makabati mengi yanafunguliwa na ufunguo wa aina moja tu, unaojulikana kama namba 2, na mtu yeyote anaweza kuununua mtandaoni. Nikimsikia mtaalamu anaeleza ulinzi wa mtandao wa mataa kuanzia asubuhi hadi saa sita bila kutaja kufuli, huwa najua hajawahi kusimama mbele ya kabati.

Kijana mmoja wa bodaboda pale stendi, nilipokuwa namweleza haya, aliniuliza swali ambalo kila mtu huuliza: "Sasa mkubwa, si mtu anaweza kutuwashia kijani pande zote tukavaana?"

Kwa mdukuzi, hilo ndilo gumu kuliko yote. Ndani ya kabati kuna kifaa kingine kinachofanya kazi peke yake. Hakijali kontrola imeamua nini. Kinapima umeme unaokwenda kwenye taa zenyewe. Kikikuta kijani mbili zinazogongana zimewaka pamoja, kinainyang'anya kontrola madaraka papo hapo na kuyaweka makutano yote katika hali ya kumetameta, taa zikiwaka na kuzima. Kwa mifumo mingi, kanuni zake ziko kwenye kadi iliyounganishwa kwa waya, na mtu aliye upande wa pili wa mtandao hawezi kuzifuta. Waliobuni kifaa hiki hawakuwa na habari na wadukuzi. Walikuwa wanahofia nyaya kugusana, na hofu yao ndiyo inayotukinga leo.

Kijana alionekana kuridhika, lakini kifaa hicho kina upande wa pili. Kikishakata, hakirudi chenyewe. Anahitajika fundi aje kwa miguu yake, afungue kabati, akague, aurudishe mfumo. Maana yake ni kwamba mdukuzi aliyeshindwa kuwasha kijani pande zote ana uwezo wa kitu kingine: kuyaangusha makutano mengi katika kumetameta ndani ya dakika chache, halafu akae pembeni atazame fundi mmoja akihangaika kuzunguka mji. Hakuna anayekufa papo hapo. Kinachotokea ni foleni, lori la makaa limeziba njia, na gari la wagonjwa linapiga king'ora nyuma yake likielekea hospitali ya Ligula.

Sasa fundi huyo anaishi wapi? Ikiwa mkataba unasema anatoka Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 500. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa. Kabla mwezi haujafika nusu, tarehe 12, nyaya za baharini zikapata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Ndani ya mwezi mmoja watu wa kusini walikosa barabara na mtandao pia. Mfumo wa mataa unaohitaji fundi wa Dar es Salaam na seva iliyoko ng'ambo ungekuwa umesimama tu, hata bila mdukuzi kuugusa.

Neno la siri lililoandikwa kwenye kijitabu

Utafiti unaofaa kusomwa na kila mwenye kugusa mambo haya ulifanywa na Chuo Kikuu cha Michigan, ukachapishwa mwaka 2014. Watafiti waliomba ruhusa kwa wakala mmoja wa barabara wa huko, wakapewa mfumo halisi wenye makutano karibu 100. Walichokikuta kinaeleweka bila mtaalamu kukitafsiri. Redio zilizounganisha makutano zilikuwa zinarusha taarifa waziwazi, bila kuzisimba, yaani kuzigeuza zisisomeke na mwingine, na yeyote mwenye redio ya aina ile angeweza kujiunga na mtandao. Majina ya mtumiaji na maneno ya siri yalikuwa yale yale yaliyotoka kiwandani, ambayo mtengenezaji ameyaweka mtandaoni ili mafundi wasisumbuke. Kontrola nayo iliachiwa wazi mlango wa majaribio, ule unaotumiwa na watengenezaji wakati wa kutafuta makosa. Kwa kompyuta mpakato moja, watafiti walibadilisha taa walivyotaka, isipokuwa pale kile kifaa cha kukata kilipowagomea.

Kilichonishangaza zaidi ni jibu la mtengenezaji mmoja walipompelekea matokeo. Alisema, kwa maneno mengine, kwamba yeye amefuata kiwango kinachokubalika katika biashara hiyo, na kiwango chenyewe ndicho kisichotaja usalama. Unaweza kucheka, lakini jibu lile ni la kweli. Muuzaji huuza kilichoandikwa kwenye mahitaji ya mnunuzi. Mnunuzi aliandika nguzo, balbu, urefu wa nyaya na rangi ya kabati. Usalama hakuuandika, na hakuupata.

Kisa cha Los Angeles cha mwaka 2006 kinaonyesha kona nyingine, ile ambayo wauzaji hawapendi kuizungumzia. Wahandisi wawili wa taa wa jiji, katikati ya mgogoro wa wafanyakazi na mwajiri, waliingia kwenye mfumo wakavuruga taa za makutano manne yenye shughuli nyingi, kisha wakawafungia wenzao nje. Ilichukua siku nne mambo kurudi sawa. Hawakuvunja chochote. Waliujua mfumo kwa sababu ilikuwa kazi yao, na baadaye walikiri makosa mahakamani. Hapa tena, kama Johannesburg, mtu wa ndani.

Na kuna uzembe usio na nia mbaya. Mwaka 2017, katika jimbo la Victoria, Australia, kamera zisizopungua 55 za mwendo kasi na za taa nyekundu ziliambukizwa kirusi cha kompyuta kile kile cha WannaCry kilichokuwa kikiisumbua dunia. Kamera hizo hazikuwa hata kwenye intaneti. Mfanyakazi wa matengenezo alichomeka kifaa chenye maambukizi, basi. Polisi wakalazimika kusimamisha faini mamia kwa mamia mpaka wajiridhishe. Flashi zinazozunguka kwenye ofisi zetu, zikitoka stationari kwenda kwa katibu muhtasi na kurudi, zinatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Taa inayodanganywa

Mpaka hapa tumeongelea watu wanaoingia ndani ya mfumo. Kadiri taa inavyozidi kuwa na akili, ndivyo isivyo lazima kuingia. Unaweza kukaa nje ukaidanganya, nayo ikafanya makosa kwa utii kamili.

Mwaka 2020 msanii mmoja wa Berlin alijaza simu 99 kwenye mkokoteni mdogo akauvuta taratibu mtaani. Simu zote zilikuwa zimewasha ramani ya Google. Ramani ikaona "magari" mengi yanakwenda kwa mwendo wa konokono, ikapaka barabara tupu rangi nyekundu ya foleni. Hakuna neno la siri lililoibwa. Mfumo ulipewa taarifa za uongo ukaziamini.

Mataa nayo yamefanyiwa hivyo. Mwaka 2014 mtafiti Cesar Cerrudo alionyesha kwamba vihisi vya aina fulani, vile vinavyofukiwa kwenye lami na kutuma taarifa kwa redio, vilikuwa vinatuma bila kusimba na bila mpokeaji kuhakikisha aliyetuma ni nani. Aliye karibu angeweza kuzinasa taarifa hizo, au kupenyeza zake: magari yapo yasipokuwepo, hayapo yanapokuwepo. Mwaka 2020 watafiti wawili wa Uholanzi waliziangalia programu za simu zinazowapa waendesha baiskeli kijani cha haraka, wakagundua wanaweza kutuma baiskeli hewa wakiwa wamekaa nyumbani. Taa ikasimamisha magari kumpisha mtu ambaye hayupo. Sisi tuliozoea habari za wafanyakazi hewa tunaelewa haraka.

Eneo nyeti kuliko yote ni kijani cha dharura, ule utaratibu wa gari la wagonjwa au zimamoto kuiomba taa njia. Marekani, magari hayo yalikuwa yanamulika taa kwa kasi maalumu na kihisi juu ya nguzo kinaitambua. Watu wakaanza kuuziana vifaa vinavyoiga mmuliko huo ili wasisimame kwenye nyekundu wakienda kazini, mpaka mwaka 2005 ikabidi itungwe sheria ya kuvipiga marufuku. Uholanzi walitumia redio, mfumo wa mwaka 2005. Mwaka 2024 mtafiti mmoja wa huko alionyesha kwamba redio hiyo inaweza kuigizwa kutoka mbali, na kwa kuwa kasoro haiwezi kurekebishwa kwa kutuma programu mpya, wanalazimika kuubadili mfumo kwenye taa kwa maelfu, kazi iliyopangwa kufika mpaka mwaka 2030. Fikiria mji mdogo wenye bajeti ya halmashauri ukiambiwa hivyo baada ya kununua.

Kijani cha dharura tunakihitaji. Mgonjwa anayeletwa kutoka Nanyamba kwenda hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo anakihitaji kuliko mtu wa Amsterdam. Ndiyo maana kinapaswa kununuliwa kwa namna ambayo taa inahakiki kuwa aliyeomba njia ni ambulansi kweli, kwa ufunguo wa siri unaoweza kubadilishwa gari likiibiwa au likiuzwa mnadani. Kisichohakiki, bora kisiwepo. Askari wa trafiki akisikia king'ora anafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Siku ya zabuni

Kwetu tatizo litaanza mapema kuliko mdukuzi yeyote, kwenye swali la taa ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Mitaa ya mjini ni ya TARURA. Umeme ni wa TANESCO, laini ni ya kampuni ya simu, na anayesimama pale jua likiwaka ni askari wa usalama barabarani, ambaye kwa uzoefu wa Dar es Salaam huwa anaipuuza taa na kuita magari kwa mkono. Katikati ya hawa wote kuna mkandarasi, na kwa kawaida ndiye peke yake mwenye neno la siri. Muda wa uangalizi ukiisha anaondoka nalo. Au haondoki nalo, jambo ambalo kwangu ni baya zaidi: anabaki na njia yake ya kuingia kutoka ofisini kwake, ile aliyoiweka ili asisafiri kila taa ikigoma, na hakuna anayejua kuwa bado iko wazi.

Sheria tunazo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamkataza mtu kuingia kwenye mfumo asioruhusiwa, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamgusa kila anayekusanya namba za magari kwa kamera, hata kama kamera aliiweka kwa ajili ya kuhesabu foleni tu. Mamlaka ya Serikali Mtandao nayo ipo kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Lakini sheria humkuta mtu baada ya tendo. Anayeweza kufanya jambo kabla ni afisa anayeandika nyaraka za zabuni, akiwa na mafaili mengine ishirini mezani.

Ningemwomba aongeze kurasa chache tu. Taarifa zote kati ya taa, vihisi na ofisi zisimbwe, na kila kifaa kithibitishe kinaongea na nani. Laini za simu ziwe za data pekee, zimefungwa zisipige wala zisiingie intaneti ya kawaida. Hili peke yake lingewanyima wezi wa Johannesburg sababu ya kufungua kabati. Mtandao wa mataa usichanganyike na kompyuta za ofisi. Mwaka 2018 idara ya usafirishaji ya jimbo la Colorado, Marekani, ilivamiwa na kirusi cha kudai fidia, ikazima kompyuta kama 2,000, lakini kazi ya kuongoza magari barabarani iliendelea kwa kuwa mifumo hiyo ilitenganishwa. Makabati yawe na kufuli zisizofanana na za mji mwingine, na kengele mlango unapofunguliwa. Kiwanda kiahidi kwa maandishi kitatoa marekebisho ya programu kwa miaka mingapi, maana nguzo itasimama miaka ishirini na kampuni iliyotengeneza kontrola huenda isifike huko. Kifaa cha kukata kijani zinazogongana kisikosekane, hata muuzaji akisema programu yake inatosha. Na fundi awe wa hapa hapa, aliyefundishwa, pengine kutoka chuo cha ufundi cha VETA, mwenye vipuri stoo.

Wauzaji watasema yote haya yanapandisha bei. Yanapandisha. Waulizwe bei ya kuyaweka baadaye.

Kisha ije siku ya makabidhiano, ambayo kwetu huwa na mkeka, vipaza sauti na mgeni rasmi wa kukata utepe. Kabla ya utepe, mhandisi wa mji afungue kabati moja atakalolichagua yeye, achomoe modemu mbele ya watu. Mataa yaendelee kuongoza magari kwa ratiba iliyohifadhiwa humo ndani. Yakizima, hafla iishie hapo. Airudishe modemu. Abadili maneno ya siri yote, mapya yaingie kwenye bahasha mbili zilizofungwa kwa lakiri, moja TANROADS au TARURA kulingana na barabara, nyingine kwa mkurugenzi. Ndipo mkandarasi apigiwe simu ofisini kwake Dar es Salaam, aambiwe ajaribu kuingia kwenye mfumo kama alivyozoea. Akiingia, hundi irudi kwenye faili.